Kwa nini CHAI ni ghali kuliko TEA



Kuna rafiki yangu hapa Kericho mjini anauza bangili za shanga. Si zile za rangi za bendera ambazo kila mtu anazo. Zake zina siri: shanga ya mviringo ni nukta, shanga ndefu ni mstari, na ukijua kusoma Morse unaona jina la mtu, au tarehe, au yale maneno ambayo huwezi kumwambia mtu usoni. Wateja wake wengi ni watu wa chuo. Kazi yenyewe ni rahisi. Anafungua kifaa cha kutafsiri mtandaoni, anaandika neno, kinamrudishia nukta na mistari, anaanza kutunga. Ukitaka kurudi nyuma unabandika nukta zako, unapewa herufi. Ni bure na haichukui hata dakika.

Sasa juzi alinipigia akilalamika. Mteja alitaka bangili mbili za kufanana, moja ya CHAI na nyingine ya TEA, zawadi ya binamu aliye ng'ambo. Bei walishakubaliana, moja kwa zote. Kumbe TEA inakula shanga nne, CHAI inakula kumi na mbili. Mara tatu! Akaniuliza kama kifaa kimeharibika, kwa sababu neno moja lina herufi tatu na lingine nne, iweje tofauti iwe kubwa hivyo?

Nilienda kwake jioni, mvua ya Kericho ikiwa imeshaanza zamu yake ya saa tisa, nikaangalia mwenyewe:

TEA ni - . .-
CHAI ni -.-. .... .- ..

Kifaa kilikuwa sawa kabisa. Tatizo lilianza miaka karibu 190 iliyopita, na ndiyo maana leo mtanivumilia nikiongea historia.

Miaka ya 1830 na 1840 huko Marekani, Samuel Morse na mwenzake Alfred Vail walikuwa wanatafuta namna ya kupitisha maneno kwa waya wa umeme. Shida ni kwamba umeme hauna herufi. Upo au haupo, basi. Kwa hiyo kila herufi ilibidi ipewe mpangilio wake wa mguso mfupi na mguso mrefu, na mtu mwenye akili angetaka herufi zinazotumika sana ziwe fupi. Vail akaenda kwa mpiga chapa wa gazeti mjini Morristown, New Jersey, akaangalia sanduku lake la herufi. Mpiga chapa hununua E nyingi kuliko Z kwa sababu anajua atazihitaji. Basi E ikapata nukta moja, T ikapata mstari mmoja, na zile zisizotumika sana zikabebeshwa mzigo. Ujumbe wa kwanza rasmi ulitoka Washington kwenda Baltimore tarehe 24 Mei 1844. Baadaye Mjerumani anayeitwa Friedrich Gerke alirekebisha herufi kadhaa, na toleo lake ndilo lililozaa Morse ya kimataifa tunayotumia leo, lakini E ilibaki na nukta yake moja.

Umeona shida iko wapi? Vail alihesabu sanduku la Kiingereza. Hakuna aliyehesabu letu.

Chukua methali unayoijua tangu chekechea: haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23. Kati ya hizo, A ni 11. E? Hakuna hata moja. Herufi iliyopewa bei ya chini kabisa duniani haina kazi kwenye sentensi nzima. Na A yetu ni nukta na mstari. Kwenye Morse nukta ni kipimo 1 cha muda, mstari ni 3, na kati ya vipande vya herufi moja unanyamaza kipimo 1. Kwa hiyo E inachukua 1, A inachukua 5. Kati ya herufi na herufi unanyamaza vipimo 3. Piga hesabu yote: TEA ni vipimo 15, CHAI ni 35. Tunakunywa kitu kilekile, kimechumwa mlima uleule, ila ukikitangaza kwa Kiswahili unakaa kwenye waya zaidi ya mara mbili.

Rafiki yangu alisema "manze," akaongeza bei ya CHAI. Mimi nikabaki na swali lingine: huo waya ulifika huku lini, na nani alikuwa anaongea?

Zanzibar ilikuwa ya kwanza upande wetu. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulitoka Aden ukapitia Zanzibar hadi Durban, na Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar mwaka 1890. Ukitaka kujua waya ulikuwa na maana gani, angalia Agosti 1896. Sultani Hamad alifariki, Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila ruhusa ya Waingereza, na mwakilishi wao Basil Cave akapiga telegramu London kuuliza kama anaweza kutumia mizinga. Jibu la kukubali lilikuja siku iliyofuata. Asubuhi ya tarehe 27 ikulu ilipigwa, na kufikia saa nne mambo yalikuwa yamekwisha. Watu hupenda kutaja ile vita kama mzaha, ati vita fupi kuliko zote, chini ya dakika 40. Mimi naona waya ulipigana kabla ya manowari. Bila telegramu, swali la Cave lingepanda meli, na Khalid angekuwa na wiki kadhaa za kujipanga.

Huku kwetu waya ulikuja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Kila mahali njia ilipopita, nguzo za telegrafu zilipandwa pembeni, kwa sababu njia ni moja na stesheni lazima ziulizane kama iko wazi kabla ya kuachilia treni. Sasa toa simu yako uangalie ramani ya kaunti ya Kericho upande wa kaskazini: Londiani, Kedowa, Kipkelion, Fort Ternan. Ndiyo reli yenyewe. Kipkelion wakati huo iliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni walitupachika sisi Wakipsigis. Kwa hiyo Morse ilikuwa inapita juu ya vichwa vya watu wetu usiku na mchana miaka zaidi ya 20 kabla ya kampuni kubwa za chai kufika hapa. Hawakuisikia. Waya hausemi kitu ukiwa chini yake.

Hapa ndipo nataka kugombana na mwalimu wangu mmoja wa zamani.

Darasani tulifundishwa kwamba Wanandi waliiba waya wa telegrafu wakatengeneza mapambo. Mwalimu alisema kwa sauti ya kuchekesha, darasa likacheka, na mimi nikacheka. Mkipsigis mzima, nacheka ndugu zangu. Nilivyosoma baadaye nikaona tulichekeshwa vibaya.

Kwanza, waya ulikuwa pesa. Misafara kutoka pwani ilikuwa inabeba vitu vitatu kila siku: kitambaa cha amerikani, ushanga, na waya. Ule waya mnene wa shaba uliitwa masango, na ulinunua pembe, chakula na njia ya kupita. Mwanamke aliyevaa mizunguko ya waya mkononi alikuwa amevaa mali. Halafu anakuja mtu asiyekuomba ruhusa, anatundika pesa kwenye nguzo kilomita baada ya kilomita, anaenda zake, halafu anashangaa ikipungua. Hebu tundika noti za elfu moja kutoka Londiani hadi Kisumu leo, uone asubuhi zimebaki ngapi.

Pili, hiyo haikuwa michezo. Wanandi waliwapinga Waingereza kuanzia 1895 hadi 1906, na kiongozi wao alikuwa Orkoiyot Koitalel arap Samoei, mtoto wa Kimnyole, yule anayesimuliwa kwamba alitabiri nyoka wa chuma anayetema moshi. Ndugu yake Koitalel, Kipchomber, alikuja huku Kipsigis baada ya kifo cha baba yao, kwa hiyo hizi si habari za majirani tu. Waya ukikatwa, stesheni haziulizani. Ngome haiwezi kuita askari. Sitaki kusema kila aliyekata waya alikuwa anawaza vita, wengine bila shaka walitaka bangili. Lakini jeshi lililokuwa linategemea treni na telegrafu halikuweza kuchukulia jambo hilo kama wizi wa mapambo, na halikulichukulia hivyo. Wizi wa vyuma vya reli na waya ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa baadhi ya misafara ya kuadhibu ilipotumwa. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akauawa kwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen. Baada ya hapo Wanandi waliokuwa wanaishi karibu na reli waliondolewa kwenye ardhi yao wakasukumwa kaskazini.

Sasa rudi kwa rafiki yangu na shanga zake. Zaidi ya miaka 120 baadaye, si mbali na reli hiyohiyo, binti wa Kikalenjin anatengeneza bangili kutokana na telegrafu. Nilimwambia. Alinyamaza kidogo halafu akasema hiyo itakuwa kapsheni kali sana. Biashara ni biashara.

Kuna kitu kingine mtu hakuambii kuhusu waya: umebaki mdomoni mwetu. Neno simu lilikuja kwetu likiwa na maana ya waya, asili yake Kiajemi, na kwenye Kiswahili cha zamani simu ilikuwa ni telegrafu. Telefoni ilipokuja ikabidi iitwe simu ya mdomo ili isichanganywe na ile ya kwanza, na redio ikaitwa simu ya upepo. Na kwa nini tunapiga simu? Leo tunagusa kioo kwa kidole, hakuna kinachopigwa. Lakini karani wa telegrafu alikuwa anapiga kweli, anagonga kile kitufe cha shaba, tak, taak, tak. Nikifikiria hivyo, kila tunapomwambia mtu nitakupigia, naiona ile meza ya karani.

Chai nayo ilikuja kwa njia yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis hapa Kericho zilipewa mpango wa kuwakalisha maafisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani. Wakapanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka duniani, mpango ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na African Highlands Produce wakaingia na chai. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Ukipita barabara ya Kericho kwenda Sotik ukaona ule uzuri wa kijani wa kupigia picha, ujue unaangalia pia hesabu hiyo.

Biashara ya aina hiyo iliishi kwa telegramu. Soko lilikuwa London, bei ilisemwa London, na kila neno kwenye waya wa baharini lililipiwa. Ndipo wafanyabiashara wakagundua ujanja: vitabu vya msimbo. Kitabu kama ABC kilichotoka 1873, au Bentley's baada yake, kilikuwa na maelfu ya maneno ya ajabuajabu, kila moja likisimama mahali pa sentensi nzima. Unatuma neno moja lisilo na maana, mwenzako anafungua kitabu chake, anasoma kwamba mzigo umechelewa na bei ishushwe. Umelipia neno moja. Mwenye kitabu alikuwa anaongea sana kwa pesa kidogo.

Na hapa Kiswahili kingeweza kulipiza kisasi. Kwenye kipimo cha muda tunapoteza, nimeshaonyesha. Lakini telegramu haikulipiwa kwa nukta, ililipiwa kwa neno! Na Kiswahili ni bingwa wa kupakia watu kwenye neno moja kama matatu ya jioni. HATUTAWASUBIRI. Mwingereza anahitaji maneno sita kusema hivyo, sisi moja. Sheria za kimataifa ziliweka kikomo, neno la kawaida likipita herufi 15 lihesabiwe mawili. HATUTAWASUBIRI ina 14. Tumepita mlango ukiwa karibu kufungwa.

Mwafrika wa kwanza ninayemkumbuka nikiwaza kuhusu kugeuza waya upande wetu ni Harry Thuku. Alikuwa karani wa simu kwenye ofisi ya Hazina Nairobi, kwa hiyo alijua njia ya maneno. Mwaka 1921 mshahara wa Waafrika ulipokatwa na kipande kikawaudhi watu, mkutano wake wa Julai ulipitisha maazimio, na badala ya kuyapitisha kwa machifu na maafisa wa wilaya, wakayatuma kwa telegramu moja kwa moja London. Machifu walikasirika. Machi 1922 akakamatwa, na tarehe 16 polisi wakaua watu waliokusanyika Nairobi kumdai, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru.

Hiyo yote ni historia ya vitabu. Ninayoandikia makala hii haiko kwenye kitabu.

Kogo wangu, nyanya mzaa baba, anaishi upande wa Litein. Mwaka 1974 alikuwa mama mdogo, babu yuko Mombasa kazi ya kuli bandarini. Mtoto wao wa kwanza, msichana, akashikwa na homa, akafariki usiku. Kogo alichukua pesa ya majani iliyokuwa kwenye kibweta, akapanda gari hadi posta, siitaji ofisi gani. Wakati huo telegramu nyingi hazikuwa zikipigwa tena kwa Morse, mashine za teleprinta na simu za sauti zilikuwa zimeshachukua kazi, lakini utaratibu wa malipo ulikuwa uleule wa enzi za Morse. Neno kwa neno. Hata jina na anwani unalipia.

Alichotaka kusema ni hiki: mtoto wetu amefariki jana usiku, tunakungoja uje tumzike. Nimehesabu, ni maneno manane. Karani alihesabu na anwani, akamwambia pesa haitoshi. Halafu akamshauri, na kogo anasema alishauri kwa upole, hakuwa mtu mbaya. Akamwambia mama, usimwandikie mtu amefariki akiwa kazini, ataanguka huko. Andika mgonjwa sana. Kila mtu anaelewa mgonjwa sana kwenye telegramu maana yake ni nini.

Ikaenda: MTOTO MGONJWA SANA NJOO HARAKA.

Wazazi wenu wanaijua hiyo lugha, waulizeni. Nchi nzima ilikuwa na msimbo juu ya msimbo. Ukipata telegramu ya mgonjwa sana unaanza kulia kabla ya kufunga mzigo. Ila babu alikuwa hajawahi kupata telegramu maishani. Alipewa karatasi, akasomewa, akaelewa kilichoandikwa. Mtoto ni mgonjwa. Mgonjwa anahitaji pesa ya hospitali. Mshahara uko mwisho wa mwezi, zilibaki siku kumi na moja. Ukienda bila pesa utamsaidia nini?

Huku nyumbani walingoja siku mbili, wakazika.

Babu alifika na pesa yote mkononi, chupa ya dawa ya kifua, na gauni dogo la manjano. Kogo alidhani alikuwa amekataa kuja kumzika mtoto wake. Babu alidhani amedanganywa. Baba yangu anasema alikua katika nyumba ambayo hilo jambo lilikuwa limekaa mezani kama mgeni, na hakuna aliyelikaribisha wala kulifukuza. Babu alifariki 2009. Mpaka mwisho alikuwa akisema, simu ilisema mgonjwa.

Mimi nikifanya hesabu ya karani nakasirika. MTOTO AMEFARIKI NJOO ni maneno matatu. Ule uongo wa heshima ulikuwa matano. Kiswahili kilikuwa kimeshampa kogo neno moja la herufi tisa lenye habari yote ndani, na likafutwa ili kumhurumia mtu, kwa bei ya juu zaidi. Simlaumu karani kwa roho mbaya. Namlaumu kwa kudhani kwamba kwa sababu yeye anajua msimbo, kila mtu anaujua. Na hilo ndilo ninaloona kwenye video zetu za Morse, watu wanacheka ati ni lugha ya siri. Kifaa kitakutafsiria herufi kwa usahihi wote wa dunia. Neno litafika lote. Kama aliyelipokea ataelewa ulichomaanisha, hiyo ni kazi nyingine, na hakuna kitufe chake.

Nilimpelekea kogo simu Jumapili iliyopita. Nilitaka asikie. Nikaanza na kitu chepesi: nikamuuliza kama anakumbuka mlio wa ujumbe wa ile Nokia ya kwanza nyumbani kwetu. Anakumbuka vizuri, alikuwa akiimba nayo. Tatu fupi, mbili ndefu, tatu fupi. Nikamwonyesha kwenye kifaa: ... -- ... ni S, M, S. Miaka yote hiyo simu ilikuwa inasema neno lake kwa Morse na hakuna aliyejua nyumbani. Alicheka mpaka akafuta macho na kitambaa.

Nikamwambia bado iko hewani. Vifaa vya kuongozea ndege bado hujitambulisha kwa herufi za Morse. Na kuna mtambo wa redio wa Kenya wenye jina 5Z4B, mmoja kati ya 18 duniani iliyopangwa kupokezana kila dakika tatu, kila mmoja ukitaja jina lake kwa Morse ili wapenzi wa redio wajue mawimbi yanafika wapi. Hilo halikumvutia sana. Akauliza kama unalipia.

Halafu nikaandika MTOTO AMEFARIKI NJOO, nikabonyeza kitufe cha sauti. Inachukua sekunde chache tu. Ilipokwisha alisema, "Rudia." Nikarudia. Hakulia. Aliuliza maneno ni mangapi, nikamwambia matatu, akahesabu mwenyewe kwa vidole, akakubali. Alikaa anaangalia nje, majani yamelowa, kuku wamejificha chini ya ghala.

Ndipo akauliza kama yule rafiki yangu wa bangili anaweza kuandika jina.

Nikaliandika jina la shangazi yangu ambaye sikumjua. Lina ng' katikati, kama majina mengi ya kwetu, na kifaa kikakwama. Kilileta herufi zote vizuri, halafu mahali pa ile alama kikaweka kiulizo. Nikajaribu tena, kiulizo tena. Ungeiondoa, jina linasomeka vingine, linakuwa la mtu mwingine. Ilinichukua muda kugundua kwamba kibodi ya simu yangu inaandika alama iliyopinda, na kifaa kinajua ile iliyonyooka tu. Morse yenyewe ina alama hiyo. Shida haikuwa kwa Morse. Nikashikilia kitufe mpaka zikatokea aina zote, nikachagua iliyonyooka:

.----.

Nukta, mistari minne, nukta. Nikampigia rafiki yangu nimpe hesabu. Alisema hiyo alama peke yake ni shanga sita, nne ndefu, na za rangi ya manjano alizonazo hazitoshi. Ataenda sokoni Jumanne.